Kwa Nini Anayelaza Mpira Hawekewi Jiwe

Usiliondoe, mwalimu. Liache hapo hapo kwenye rundo. Hukukosea kuliweka. Namsifu amepiga, mpira umefika kigingini kabla yake, amekufa, na aliyekufa anawekewa jiwe. Ndivyo watoto hawa walivyokufundisha tangu ulipofika Januari na magongo yako mapya na glavu zako za ngozi, na ndivyo sheria yetu ilivyo. Kama uwanja umenyamaza ghafla namna hii, si kwa sababu yako.

Lakini umeuliza swali, na swali la mgeni halipitwi hivi hivi. Umeuliza kwa nini mtoto huyu hakupiga kama wenzake. Kwa nini aliuweka mpira chini, hatua tatu tu mbele ya miguu yake, kama mtu anayetua yai. Na kwa nini sisi wazee tuliokaa huku pembeni tulisimama wote. Umetuambia pia kwamba katika besiboli uliyosomea chuoni kuna pigo kama hilo, mnaliita pigo la kujitoa, na waandishi wa mchezo hawaliingizi kwenye makosa ya mpigaji. Nimefurahi kusikia hivyo. Sikujua kama watu wa mbali nao walihangaika mpaka wakaelewa.

Sisi tunaliita kulaza. Na namna tulivyolipata si habari ya kutuletea sifa, hasa sisi wa nyumba yangu, ndiyo maana wengine wakiisimulia huruka sehemu zenye aibu. Mimi sitaruka kitu. Namsifu, futa uso, njoo ukae hapa karibu na ungo wangu unisaidie kumenya mbaazi. Ninyi wengine kaeni popote mnapotaka. Mimi simtazami mtu.

Kulikuwa na wakati ambapo maji ya mlima huu yaligawanywa kwa panga. Ndiva ni ile ile mnayoiona pale juu: bwawa la mawe na udongo ambalo kijito hulijaza usiku kucha, na asubuhi likafunguliwa. Mifereji nayo ni ile ile miwili, mmoja wa watu wa Juu na mwingine wa kwetu, watu wa Chini. Vuli ilipochelewa, ndiva haikuweza kulisha mifereji yote miwili kwa pamoja. Upande mmoja ulipewa siku saba za kwanza, na upande wa pili ulisubiri. Waliopata siku saba za kwanza walivuna maharage. Waliosubiri walivuna nusu, au walivuna majani matupu. Sasa fikiria, nani angekubali kusubiri? Kila mwaka watu walikutana mlangoni mwa ndiva wameshika vitu vyenye makali, na kila mwaka kulikuwa na mtu wa kubebwa kurudishwa kwao.

Siku moja shemeji alimkata shemeji yake mkono, na mkono huo ndio uliomshika mtoto wa dada yake wakati wa kumpa jina. Hapo wazee wa pande zote mbili walichoka. Walitazama huku na huku watafute njia nyingine ya kushindana, wakaona wachunga mbuzi wanacheza mchezo wa vigingi hapa hapa kwenye tambarare hii. Wakasema basi, tutacheza. Watu wazima wenye ndevu wakaazima mchezo wa wachunga mbuzi, na damu ikakoma.

Mchezo wenyewe ni huu mnaoucheza. Kila nyumba ilitoa mchezaji mmoja, na kila upande ulikuwa na nyumba tisa. Mpira ulikuwa wa maganda makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba za magome. Ukiupiga, unakimbia vigingi vitatu na kurudi penye jiwe kubwa ulipoanzia, na jiwe hilo linaitwa nyumbani. Ukifika nyumbani mzima, umeuletea upande wako moja. Mpira ukikutangulia kigingini, au ukidakwa hewani, umekufa. Wakifa watatu, zamu yenu imekwisha. Jua likigusa mgongo wa mlima, mchezo umekwisha. Mkitoka sare, maji yanakwenda kwa upande ulioyakosa mwaka uliotangulia.

Kisha kulikuwa na mawe. Kila mchezaji alikuja na jiwe moja kutoka shambani kwake. Akifa, jiwe lake liliwekwa kwenye rundo, na jiwe likishaingia kwenye rundo halikutoka tena. Upande ulioshinda ulipogawana maji yake ya siku saba, waliorudi nyumbani walimwagilia siku za kwanza, na wenye mawe kwenye rundo walimwagilia siku ya saba. Haikuwa sheria ya uonevu. Wazee walitaka kila mtu apige kwa moyo, asije mtu uwanjani kuvuta miguu. Na kwa muda mrefu ilifanya kazi. Watu walipiga kwa nguvu zote, kila mara, maana hakuna aliyejua namna nyingine ya kupiga. Anayerusha alirusha, na wenzake wote walirudi nyuma mpaka kule kwenye migomba kusubiri mpira uangukie huko.

Sasa, katika nyumba zetu tisa kulikuwa na nyumba ya mwanamke mmoja aliyeitwa Nakijwa. Alikuwa mfinyanzi. Mumewe ndiye aliyekuwa mchezaji wa nyumba ile, lakini alifariki wakati wa masika, akamwachia watoto wawili na shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji, kule unakokaribia kufika kwenye miamba. Mchezo ulipofika, Mzee Mavura, mlinzi wa ndiva, alimtumia ujumbe kwamba nyumba isiyo na mchezaji haina maji. Nakijwa alikuwa anafinyanga. Alinawa mikono, akaja uwanjani na udongo ukiwa bado umeganda viwikoni.

Alipoombwa jiwe lake hakuwa nalo, maana hakuwa amepitia shambani. Akapapasa kwenye pindo la kanga yake—wakati ule si kanga, ni ngozi, lakini mnanielewa—akatoa kijiwe chake cha kazi. Mwalimu, wewe si wa huku, nikueleze. Chungu kikishakauka kidogo, kabla ya kuchomwa, husuguliwa kwa kijiwe laini mpaka king'ae na kisivujishe. Kijiwe kile Nakijwa alikirithi kwa mama yake, na mama yake alikirithi kwa bibi yake, na vidole vya wanawake watatu vilikuwa vimekilainisha kikawa kama sabuni. Akakiweka pamoja na mawe ya wengine. Watu walicheka. Hawakumcheka kwa ubaya. Walimcheka kama mnavyomcheka mtu mzima anayepanda baiskeli kwa mara ya kwanza.

Alishika gongo mara mbili asubuhi ile na mara zote mbili alikosa mpira, akampisha mwenzake, maana kukosa si kufa. Watu wa Juu walimpenda sana.

Jioni ilikuta pande zote ziko sawa, na sare ingewapa watu wa Juu maji. Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja kugusa mlima. Jiwe letu moja tu lilikuwa limewekwa katika zamu ile. Kwenye kigingi cha tatu alisimama kijana wetu aliyeitwa Kiangi, mwenye mbio kuliko wote, na nyumbani ilikuwa zamu ya Nakijwa. Wenzetu wengine walikuwa wameanza kukusanya vitu vyao waende.

Nakijwa alipokwenda kushika gongo alipita karibu na Kiangi. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Nikiugusa tu, wewe kimbia. Usinitazame mimi."

Kiangi akamuuliza, "Na wewe?"

"Mimi watanipata."

Kumbukeni maneno hayo. Hakuna mtu mwingine aliyeyasikia.

Mpira ukaja. Nakijwa hakuinua gongo. Alilishika kwa mikono yote miwili, mmoja huku na mmoja kule, akalilaza mbele ya tumbo lake, na mpira ulipogusa akaliachia lirudi nyuma kidogo. Mkono wa mfinyanzi haujui kugonga, unajua kupokea. Mpira ukafa pale pale. Ukaanguka majanini, ukabiringika hatua mbili tatu, ukatulia. Watu wote wa Juu walikuwa kule kwenye migomba. Anayerusha akabaki ameduwaa, kisha akaukimbilia, akauokota. Alipoinua macho, Kiangi alikuwa tayari ameshakaribia nyumbani, na yule mwanamke alikuwa ndiyo kwanza anakimbia, mbio za mtu asiyezoea, kuelekea kigingi cha kwanza. Akaurusha kigingini. Nakijwa akafa. Kiangi akafika nyumbani, na jua likagusa mlima.

Vigelegele vyake hamwezi kuvifikiria. Kiangi alibebwa juu kwa juu mpaka kwa mama yake. Nyimbo zilitungwa jioni ile ile, na zote zilikuwa za miguu yake. Na Mzee Mavura, aliyekuwa mtu wa haki, asiyependelea hata ndugu yake, akainama akachukua kile kijiwe laini akakiweka kwenye rundo.

Nakijwa alimfuata. Alimwambia, "Mzee, nani amemrudisha Kiangi nyumbani?"

Mavura akasema, "Miguu yake, binti yangu. Sote tumeiona."

"Na mpira niliouweka chini?"

"Umepiga vibaya, lakini tumepata bahati. Usione haya. Mwaka ujao utapiga vizuri."

Nakijwa akageuka, akamtazama Kiangi. Kiangi alikuwa amekaa juu ya mabega ya watu, hatua nane au kumi tu kutoka pale. Alisikia kila neno. Alitakiwa kusema sentensi moja. Angesema tu, "Aliniambia kabla," na yangekwisha. Akatazama pembeni.

Mimi nimekifikiria sana kimya kile, mwalimu. Najua kwa nini alinyamaza. Kama angesema, zile nyimbo zingegawanywa mara mbili. Na si kwamba alikusudia kumdhulumu mjane. Alijiambia atasema kesho, watu wakishatulia. Kesho yake akajiambia keshokutwa. Kila siku iliyopita ilifanya neno lile liwe zito zaidi, mpaka likawa halibebeki tena.

Basi maji yakafunguliwa. Siku ya kwanza yalikwenda shambani kwa Kiangi. Siku ya saba Nakijwa aliamka mapema akaenda kusimama mwishoni mwa mfereji na jembe lake. Lakini siku ya saba ndiva huwa imechoka, na shamba lake lilikuwa mbali. Maji yalishuka membamba, udongo ukayanywa njiani, yakafika kwake kiasi cha kulowesha vidole vya miguu. Alisimama pale mpaka mfereji ukakauka. Maharage yake yaliota, yakatoa maua, yakafa na maua yake.

Mwanamke yule aliyewapa watu wote wa Chini maji ya kwanza hakuvuna hata kikombe. Hili huwa linaniuma hata leo, na mimi sikuwepo, wala bibi yangu hakuwepo.

Alirudi kwenye vyungu vyake. Siku zile bei ya chungu ilikuwa ujazo wake: unakijaza nafaka, mwenye chungu anaondoka na nafaka, wewe unabaki na chungu. Lakini vyungu vya Nakijwa vya mwaka ule vilikuwa vya kukwaruza. Alijaribu kusugua kwa kijiwe kingine, kikachora mistari. Akajaribu kwa mbegu, kwa kipande cha kibuyu, wapi. Watu wakasema mjane ameanza kuchoka, kazi yake imeharibika. Akapita nyumba hadi nyumba, na siku moja akafika nyumbani kwa Kiangi.

Mke wa Kiangi alihitaji chungu, akaanza kukijaza maharage. Kiangi alikuwa amekaa uani. Alimwona mke wake akichota maharage mekundu, makubwa, ya maji ya siku ya kwanza, kibakuli baada ya kibakuli, na Nakijwa amechuchumaa anatazama yakipanda mpaka ukingoni. Mke wa Kiangi akapitisha mkono juu ya chungu akasema, "Mama, mbona siku hizi vyungu vyako vinakwaruza?"

Nakijwa akasema, "Kijiwe changu kiko kwenye rundo."

Kisha akachukua maharage machache, akayageuza kiganjani, akasema, "Haya ni mazuri. Yamepata maji." Hakumtazama Kiangi. Alimimina maharage kwenye kikapu chake, akaaga vizuri, akaenda.

Mngedhani hapo Kiangi angenyanyuka amkimbilie. Hakunyanyuka. Nimewaambia sitaruka sehemu zenye aibu. Alikaa pale pale, na tangu siku ile akawa hali chakula kilichopikwa kwenye chungu kile, na mke wake hakujua kwa nini.

Mwaka ukazunguka. Mchezo ukaja tena, jua likaja tena likabakiza kidole kimoja, na pande zote zikawa sawa tena. Sare ingewapa watu wa Juu maji, kwa kuwa mwaka uliotangulia yalikuwa yetu. Jiwe moja lilikuwa limewekwa. Mwenzetu mmoja alisimama kigingi cha tatu. Na aliyeshika gongo safari hii alikuwa Kiangi mwenyewe.

Alitazama mbele, akaona watu wote wa Juu wamerudi nyuma mpaka kwenye migomba, kwa sababu wanamjua. Uwanja wote wa karibu ulikuwa mtupu. Aliona wazi kabisa la kufanya. Alijua hata namna ya kushika, maana alikuwa ameiona mikono ile kwa karibu kuliko mtu yeyote. Akatazama pembeni, akamwona Nakijwa amekaa na wenzake, na Nakijwa alikuwa anatazama mikono yake.

Kiangi akateremsha gongo, mkono mmoja huku na mwingine kule. Kisha akaliona lile rundo la mawe. Akafikiria siku ya saba. Akafikiria watu waliombeba mwaka jana wakimwona ameweka mpira chini kama mtu asiye na nguvu. Mpira ulipokuja akainua gongo akapiga kwa nguvu zake zote. Ulipaa, mzuri, mrefu, na mtu wa Juu akaudaka chini ya migomba bila hata kusogea. Aliyemfuata naye akapiga kwa nguvu, akakosa, na jua likagusa mlima.

Jioni ile watu wa Chini walikusanyika mlangoni mwa ndiva wakiwa wakali. Mmoja alilaumu upepo. Mwingine alilaumu mpira, kwamba ulifungwa vibaya. Mwingine akasema mwenye kigingi cha tatu alilala. Siku saba za kusubiri zilikuwa mbele yao na hakukuwa na wingu. Kiangi alisikiliza mpaka aliposikia mtu akisema, "Kama tungepata bahati ya mwaka jana!" Hapo akasimama.

Akasema, "Haikuwa bahati. Aliniambia. Alipita karibu yangu akaniambia kimbia, usinitazame, mimi watanipata. Alijua atakufa, na alijua jiwe lake litawekwa, na akauweka mpira chini kwa makusudi ili mimi nifike nyumbani. Nimelijua hili mwaka mzima. Leo nilikuwa na nafasi ya kufanya vile vile, nikaogopa jiwe."

Mzee Mavura alikuwa amekaa. Akayatazama mawe aliyoyaweka kwenye rundo kwa mkono wake. Mtu wa haki alikuwa amegundua kwamba haki yake ilikula chakula cha watoto wawili. Kiangi akaenda kwenye rundo. Alipiga magoti akaanza kupangua jiwe moja moja, la mwaka huu, la mwaka jana, na hakuna aliyemkataza ingawa jiwe la rundo halitolewi. Alikipata kijiwe kile karibu na chini, kilikokuwa kimeteleza. Kilikuwa na udongo na ukungu, akakifuta kwa nguo yake, akakipeleka kwa Nakijwa kwa mikono miwili.

Nakijwa alikipokea. Alipitisha kidole gumba juu yake, taratibu, kuona kama kimechubuka. Kisha akasema, "Watoto wangu walikula maharage yako, Kiangi. Ningependa wangekula ya kwangu."

Kiangi akalia mbele za watu wote. Hakusema nisamehe, na Nakijwa hakusema nimekusamehe. Mzee Mavura ndiye aliyeuliza swali la maana. Aliuliza, "Sasa nitajuaje? Kesho mtu atapiga vibaya, atasema nililaza. Mwingine atalaza kweli, mimi nitadhani amepiga vibaya. Nilikuwa na macho mwaka jana, na macho hayakunisaidia."

Wakabishana sana. Mwishowe Nakijwa akasema, "Muulizeni aliyerudi nyumbani. Yeye anajua ni nani aliyemrudisha."

Na maji ya pili yalipofika, yale machache ya baada ya siku saba, Kiangi alifika kwenye mfereji kabla ya mtu yeyote. Akachota udongo kwa mikono, akaziba mlango wa shamba lake mwenyewe, akashuka na maji mpaka chini kabisa karibu na miamba, akafungua mlango wa shamba la Nakijwa na kusimama hapo mpaka udongo ukashiba. Ndipo akarudi kuzibua la kwake. Mwaka ule nyumba ya Kiangi ilivuna kidogo sana. Mke wake hakulalamika. Alikuwa ameshaambiwa habari ya chungu.

Kuanzia kiangazi kile hadi leo hii ndivyo ilivyo hapa kwetu. Kulaza ni pigo la mtu anayekubali kufa uwanjani ili mwenzake aliye mbele afike nyumbani. Hulazi mpira kama hakuna mwenzako kigingini. Hapo utakuwa umejiua bure. Hulazi kama mawe mawili yameshawekwa, maana jiwe la tatu hufunga zamu na mwenzako harudi popote. Lakini penye nafasi yake, anayelaza akitoka uwanjani wote waliokaa husimama. Na yule aliyefika nyumbani, kabla hajapumua, kabla hajabebwa na mtu, analigusa lile jiwe kubwa na kulitaja kwa sauti jina la aliyemrudisha. Likitajwa, jiwe la aliyelaza haliwekwi, anarudishiwa mkononi, na siku ya maji aliyetaja ndiye anayekwenda kumfungulia mfereji kabla ya wake. Lisipotajwa, jiwe linawekwa. Sheria haijui kingine.

Ndiyo maana, mwalimu, nimekwambia hukukosea. Mwenzake alifika nyumbani, jina halikutajwa, ukaweka jiwe. Sisi tulisimama kwa sababu tuliona. Lakini kuona kwetu hakutoshi, kama macho ya Mzee Mavura hayakutosha. Mimi siwezi kuliondoa jiwe hilo, wala wewe, wala Namsifu mwenyewe. Wala msidhani Namsifu analilia jiwe.

Chungu kile kiko nyumbani kwangu. Kimeshavuja, hakipikiwi, nakiwekea chumvi ya mawe. Ukipitisha mkono kinakwaruza bado. Nilipewa siku niliyoolewa katika nyumba ya Kiangi, mimi na kila mwanamke aliyeolewa humo kabla yangu, na nikaambiwa kila mtoto atakayezaliwa akishike akiwa mdogo. Wanangu wamekishika. Wajukuu zangu wote wamekishika pia, namkumbuka kila mmoja, na namkumbuka aliyesema, "Bibi, kinauma."

Si vigumu kusahau. Wenzako wanakurukia, wanakuita jina, mwalimu mgeni anakupongeza kwa mbio zako mbele ya shule nzima. Kiangi naye ilianza hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye alisubiri mwaka, na leo haijapita hata saa.

Mbaazi zimekwisha. Asante, Namsifu.

Nani huyo aliyesimama? Eliaika. Ndiyo, mjukuu wangu, nakusikiliza. Nenda kwanza ukaliguse jiwe la nyumbani, hapo hapo, weka mkono. Usilie, utasema vizuri. Sema tena. Paza sauti, wale kule karibu na ndiva hawajasikia.

Haya, wamesikia. Mwalimu, sasa liondoe hilo jiwe, umpe mwenyewe mkononi.